Maswali ya Wasomaji: Kupeleka Maigizo Kusikofika Barabara

Toleo lililopita lilieleza vikundi vya maigizo vya watu wa asili wa Kanada, kikiwemo Debajehmujig, kilichoanzishwa 1984 katika kisiwa cha Manitoulin, jimbo la Ontario, na jinsi vikundi hivyo vinavyozifuata jamii za kaskazini mpaka makwao. Barua zimekuja nyingi. Haya ndiyo maswali yaliyorudiwa zaidi.

Kama hakuna barabara, kikundi hufikaje na vifaa vyake vyote?
*Mwanafunzi wa sanaa za jukwaani, Bagamoyo*

Hufika kwa kufuata majira. Kaskazini ya mbali ya Ontario, jamii nyingi za Wacree na Waojibwe, ambao ni watu wa asili wa huko, hufikiwa kwa ndege mwaka mzima, na kwa barabara ya majira ya baridi kwa wiki chache tu, kwa kawaida kuanzia katikati ya Januari hadi mwishoni mwa Machi. Barabara hiyo ni theluji iliyoshindiliwa juu ya kinamasi, na barafu tupu juu ya mito na maziwa. Kuelekea Ghuba ya James kuna pia treni ya Polar Bear Express, kutoka Cochrane mpaka Moosonee. Ukishafika Moosonee, kisiwa cha Moose Factory huvukiwa kwa boti kiangazi, kwa gari juu ya barafu wakati wa baridi, na kwa helikopta wakati barafu inapoganda au kukatika. Nunavut, eneo la kaskazini kabisa la Kanada, ni kugumu zaidi, maana jamii zake 25 hazina barabara ya kuziunganisha na kusini. Huko ni ndege, au meli ya mizigo ya kiangazi.

Kwa hiyo mzigo ndio unaoamua mchezo utakuwaje. Ndege ndogo kama Pilatus PC-12 hubeba abiria wasiozidi tisa, na mlango wake wa mizigo ni kama mita 1.3 kwa 1.3. Tunashauri waigizaji wanne au watano na msimamizi mmoja wa jukwaa. Mzigo wote uwe chini ya kilo 200, kila sanduku lisizidi kilo 23, na hata fito za pazia zikatwe vipande visivyozidi mita 1.2 vinavyochomekana. Jitengenezeeni orodha yenye uzito wa kila sanduku na nambari yake. Rubani akisema punguzeni kilo 40, mjue papo hapo kinachobaki. Taa mbili zinaweza kubaki. Maleba na ngoma hazibaki.

Mkienda kwa gari, fuateni uzito na mwendo ulioandikwa kwenye vibao vya barabara ya barafu, hata kama barafu inaonekana nene kupita kiasi. Gari linapotembea huibonyeza barafu na kusukuma wimbi la maji chini yake. Ukienda kasi, wimbi hilo hugonga ufuko, hurudi, na barafu hupasuka hapo karibu na nchi kavu. Msifuatane kwa karibu, na msisimame pamoja katikati ya ziwa kupiga picha.

Wekeni siku moja ya akiba kwa kila vituo viwili, na chakula cha siku tatu cha kila mtu. Ukungu au upepo ukifunga uwanja wa ndege mtalala hapo hapo, na bei za dukani kaskazini ni kali sana. Jamii kadhaa zimepiga marufuku pombe, na mabegi hukaguliwa uwanjani. Msafiri asibebe hata chupa moja.

Nimesikia maonyesho hufanyika kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Taa na sauti mnafanyaje?
*Mwalimu, Thunder Bay*

Ndiyo Mwalimu, karibu kila mara ni ukumbi wa shule, wenye mistari ya mpira wa kikapu sakafuni. Umeme ni volti 120, na soketi nyingi ziko kwenye breka (swichi inayokata umeme ukizidi) ya ampea 15, yaani wati 1,800. Kwa matumizi ya muda mrefu msivuke asilimia 80 yake, wati 1,440. Taa tatu za zamani za wati 500 zinapita kiwango hicho, ilhali taa nane za LED za wati 100 zinakaa vizuri na bado mna nafasi ya spika. Soketi mbili za ukuta mmoja mara nyingi ziko kwenye breka moja. Chomekeni taa ndogo kwenye kila soketi, mwombeni mtunza shule azime breka mojamoja, kisha andikeni kwa chaki ipi ni ya wapi.

Ulizeni pia kuhusu taa za dari. Kumbi za zamani zina taa za metali halaidi, ambazo zikizimwa huchukua dakika 10 hadi 15 kuwaka tena. Kikundi kinachozizima mwanzoni mwa onyesho kikitarajia kuziwasha mapumzikoni hukaa gizani na watoto 80. Zizimeni mapema, na muwe na taa ya betri kila mlango.

Sauti hurudi kutoka kwenye kuta za zege. Dawa yake ni kuwaketisha watu nusu duara, safu ya kwanza chini kwenye mikeka, na kumwomba mtunza shule azime feni ya hewa wakati wa onyesho. Waigizaji waseme polepole, wakielekea watu.

Baridi inaharibu nini hasa?
*Mpiga ngoma, Mombasa*

Si baridi peke yake. Ni kutoka nje penye nyuzi 30 chini ya sifuri na kuingia ndani penye joto. Mkifungua sanduku papo hapo, unyevu wa ukumbi hugeuka maji juu ya vifaa na kuingia kwenye spika na mitambo ya taa. Acheni masanduku yamefungwa ukumbini kwa muda wa saa nne au zaidi. Waya za plastiki ya kawaida hukakamaa na kupasuka zikikunjuliwa kwenye baridi, kwa hiyo nunueni za mpira. Betri za lithiamu huisha nguvu haraka, nazo hubebwa mkononi ndani ya ndege.

Ngoma ya ngozi hulegea penye unyevu na hukaza mno penye hewa kavu ya hita. Isiwekwe juu ya hita. Ifikisheni ukumbini mapema, muijaribu, na muijaribu tena kabla ya kuanza.

Kikundi chetu cha vijana wakimbizi mjini Winnipeg kingependa kutembelea jamii hizi na mchezo wetu. Tuanzie wapi?
*Mlezi wa kikundi*

Anzieni kwa kualikwa, ndugu yetu. Andikieni baraza la jamii na shule kwa pamoja, miezi sita kabla, mseme mnaleta nini na mnaomba nini. Kwa Waojibwe na Wacree wengi, ombi kwa mzee huambatana na tumbaku, na mwenyeji atawaelekeza. Tarehe zichaguliwe nao. Majira ya kuwinda bata bukini Aprili na Mei familia ziko porini, na vuli ni wakati wa kuwinda moose, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu. Usiku wa bingo na wa mashindano ya hoki nao msipange onyesho, maana hamtapata watu. Kukitokea msiba, onyesho huahirishwa bila mjadala, na mnatoa msaada mkitakiwa.

Jambo moja tunalisisitiza. Serikali ya Kanada iliwatenganisha watoto wa asili na wazazi wao kwa shule za bweni, na ya mwisho ilifungwa miaka ya 1990. Walionusurika watakuwa wameketi mbele yenu. Kama mchezo wenu una vipigo, mtoto kuchukuliwa kwao au kifo, wasomeeni wenyeji maandishi kabla ya kusafiri, mkubali wakiondoa kitu, na mhudumu wa afya wa jamii awepo ukumbini toka mwanzo hadi watu waondoke. Hili halipunguzwi hata ndege ikipunguza mizigo.

Mkifukiza majani ya sage (mmea wenye harufu) au mwerezi pamoja na wenyeji kwa desturi yao ya kujitakasa, mwambieni mtunza shule kwanza. King'ora cha moshi kikilia, shule nzima hutoka nje kwenye theluji.

Watu hulipa kiingilio? Na mchezo uwe wa muda gani?
*Msomaji, Zanzibar*

Mara nyingi ni bure. Gharama hutoka kwenye ruzuku, mfano mpango wa Canada Council for the Arts, baraza la sanaa la taifa, uliotengwa kwa ajili ya wasanii wa asili. Mchezo uwe wa dakika 50 hadi 60, bila mapumziko marefu. Watoto wachanga watalia na wakubwa watatoka na kurudi. Ndivyo ilivyo, msisimamishe. Tangazo litoke kwenye redio ya jamii siku hiyo hiyo asubuhi, kwa lugha yao. Baada ya onyesho kuna chakula. Wazee hupakuliwa kwanza, na waigizaji husaidia kugawa kabla ya kukunja waya hata mmoja.