Mwezi ukiwaka, teremka mwaloni

Mwanangu mpendwa,

Mama yako anakusalimu, mguu wake sasa haujambo. Barua yako tumeisoma mara mbili.

Unasema umetimiza miezi mitatu Mwanza, kazi inakwenda vizuri, ila bao na drafti unacheza na simu tu. Unaniuliza wachezaji wa huko wanapatikana wapi, na kama mwanamke mgeni anaweza kupewa nafasi akienda. Swali lako nimelala nalo siku mbili, kwa sababu nami niliingia mji huo kwa treni mwaka 1987, kijana wa Tanga nisiyejua neno la Kisukuma, na watu wa kwanza kuniita kwa jina langu niliwapata kwenye drafti.

Nilipanga chumba Kirumba. Jioni nikiteremka kuelekea ziwani, chini ya mwembe palikuwa na benchi mbili na kipande cha plaiwudi kilichochorwa kwa makaa. Kete zao zilikuwa vizibo vya soda: huyu vyake kumi na viwili vimelala chali, yule vyake kumi na viwili vimefudikizwa. Kete ikifika mwisho wa ubao na kuwa kingi, kizibo kinapandishwa juu ya kizibo. Vyote vinanuka dagaa. Nilisimama nyuma yao karibu wiki nzima, sisemi kitu zaidi ya salamu. Makosa niliyaona, mama, ulimi ukaniwasha, nikanyamaza. Siku ya sita mzee mmoja aliitwa akapokee mzigo, akanigeukia: "Shika hapo." Nilifungwa mara tatu mfululizo. Kesho yake nilipopita walijisogeza kwenye benchi, nikakaa.

Basi fanya hivyo. Tafuta kijiwe kimoja, kiwe njiani mwako, upite siku zilezile saa zilezile mpaka sura yako izoeleke. Muuza kahawa akipita, agiza na ya jirani yako. Usimwelekeze mchezaji hata ukiona anakwenda kuliwa kete tatu kwa mpigo. Mgeni anayefundisha kabla hajacheza hapendwi mahali popote.

Tena tazama mwezi. Hili la ziwa lile hukulijua ukiwa huku Tanga. Wavuvi wa dagaa wanavua usiku kwa taa, na taa inavuta dagaa pale kunapokuwa na giza. Mbalamwezi ikishika, taa haifui dafu, mitumbwi inavutwa ufukweni na vijana wanakuwa na siku kadhaa za kushona nyavu na kupumzika. Siku hizo ndizo za kuteremka mchana mwaloni, pale wavuvi wanapoteremsha samaki: bodi zinatoka, na watu wana muda wa kumsubiri mtu anayefikiri. Ukienda siku zile mwezi hauonekani, mchana utawakuta wamelala, ukadhani Mwanza hakuna wachezaji.

Kwenye bao uwe mwangalifu zaidi. Wasukuma wana bao lao, wanaliita isolo, na sheria zake si hizi tulizokufundisha za kunamua, yaani kuanza na kete ishirini na mbili mkononi ukiziingiza mojamoja, na kulinda nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji. Ukikuta wazee wanacheza, omba wakueleze mchezo wao kwanza. Siku ya kwanza usiseme "kwetu tunacheza hivi." Watakuuliza wenyewe, tena kwa hamu.

Kuhusu kuwa mwanamke, sitakuficha: vijiwe vingi utakavyovikuta ni vya wanaume, na siku ya kwanza mazungumzo yanaweza kukatika ukifika. Wape wazee shikamoo, kaa upande wao, nenda Jumamosi mchana na mwenzako wa kazini. Pakiwa na kamari au lugha chafu, ondoka, usirudi. Hakuna mchezo unaostahili hilo. Lakini uwezo unao. Ulinifunga ukiwa na miaka kumi na mmoja, na sikukuachia.

Tena usingoje kijiwe tu. Nyumba uliyopanga ina baraza na wapangaji wanne, umeandika mwenyewe. Toa bao nje Jumapili jioni, cheza na mtoto wa jirani. Mama yake atakuja kuona mwanawe anafanya nini, naye ataanza kuuliza maswali. Hao ndio utakaocheza nao hata umeme ukikatika.

Nakutumia lile bao la babu yako kwa basi la kesho, limefungwa kwenye khanga ya mama yako. Lisafishe kwa kitambaa kikavu, usilianike juani litapasuka. Kete zake za komwe nimehesabu sitini na tatu. Moja imepotea, sijui lini. Nimetia gololi ya kijani mahali pake, timizeni sitini na nne.

Baba yako