Mashine ya kufulia kuruka ikianza kukamua
Mkuu, umesema mashine inafua fresh ila ikifika kukamua inaruka mpaka inahama, usiiuze kwanza, mara nyingi ni nguo zimelalia upande mmoja. Spidi ya mzunguko ikipanda mara 2 ule uzito unavuta dramu kwa nguvu mara 4, yaani taulo bichi la nusu kilo kwenye dramu ya upana wa sentimita 50 ikizunguka mara 1200 kwa dakika linavuta kama mzigo wa kilo 200 hivi, aisee lazima iruke! Simamisha, tawanya nguo, blanketi usiweke peke yake, afu cheki miguu yote imekaa sawa. Kama ni mpya angalia nyuma, zile bolti za kusafirishia lazima zitolewe kabla hujaiwasha.