Usiongeze tabaka la pili la sufu kabla hujaziba mianya: nilikwisha kulipia kosa hilo

Usimpe fundi huyo kianzio. Nimesoma swali lako mara mbili: nyumba iko Uyole, Mbeya, dari ya jipsamu ina tabaka la sufu ya kioo (nyuzi za kuzuia joto lisitoroke) la sentimeta 5, chumba mnakipasha joto kwa hita ya umeme, na sasa kuna fundi anakushauri uongeze sentimeta 10 nyingine kwa sababu eti gharama zitarudi zenyewe kwenye umeme. Umeuliza pia kuhusu aina ya hita, hilo nitalifikia. Lakini maneno hayo ya gharama kurudi zenyewe niliambiwa na mimi hapa Njombe miaka mitatu iliyopita, karibu neno kwa neno, nayo yalinitoa shilingi 2,150,000.

Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma na bati, na dari yake ilikuwa kama hiyo yako. Juni ilipofika, hita ikawa inakula uniti 10 za LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa usiku mmoja, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, kwa chumba kimoja tu cha kulala. Kwa sisi tulio nje ya kundi la bei nafuu la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ni shilingi 356 hivi pamoja na kodi na tozo, kwa hiyo kila usiku zilikuwa zinateketea zaidi ya shilingi 3,500. (Wala usitegemee kubaki katika kundi hilo la bei nafuu, kwa maana kwa mwendo huo uniti 75 zinakwisha siku ya nane.)

Hapo ndipo muuzaji mmoja wa vifaa vya ujenzi, ambaye simtaji ingawa kila nikipita dukani kwake hunisalimia kwa uchangamfu wa mtu aliyelipa ada ya mtoto kwa fedha zangu, aliponieleza kwamba joto hupanda juu na kwamba lote lilikuwa linanitorokea darini. Fundi aliyekuja naye aliitikia kila sentensi kama mwanakwaya. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeomba kuingia ndani akione hicho chumba. Walipima nyumba kwa nje, wakapiga hesabu ya dari yote, nami nikalipa. Naomba uzingatie hapo: dari yote, wakati mimi napasha joto chumba kimoja. Nilihami stoo ya mahindi kwa sufu ya sentimeta 15, na mpaka leo hayo mahindi hayajawahi kunilalamikia baridi.

Usiku wa kwanza baada ya kazi kukamilika nilisoma mita kabla ya kulala, nikaamka saa 12 kamili, nikaenda kuisoma tena kabla hata ya kunawa uso. Uniti 9 na nusu. Nikadhani nimesoma vibaya, nikarudia wiki nzima, na jibu likawa lile lile. Nusu uniti ni shilingi 178. Ukichukua usiku 90 hivi wa Juni, Julai na Agosti, unapata shilingi 16,020 kwa mwaka. Gawanya 2,150,000 kwa kiasi hicho, utapata miaka 134. Maana yake ni kwamba kama ningefanya ununuzi huo mwaka 1891, Mkwawa alipowapiga Wajerumani pale Lugalo, ni miaka hii hii tu ndipo fedha zangu zingekuwa zimerudi.

Sababu yake nilikuja kuielewa nikiwa nimeshalia vya kutosha, na ni hesabu ya kawaida ambayo yule muuzaji angeweza kuifanya nyuma ya risiti. Chukua chumba cha meta 4 kwa 4, na tofauti ya nyuzi 10 kati ya ndani na nje. Dari yenye sufu ya sentimeta 5 hupitisha wati 100 na ushei. Ukifikisha sentimeta 15, inapitisha wati 40 hivi. Tabaka la kwanza ndilo linalofanya kazi kubwa, kwa kuwa bila hilo dari ya jipsamu chini ya bati hupitisha mara nne au tano zaidi; tabaka la pili linagombania makombo. Wakati huo huo kuta mbili za nje za tofali, katika chumba hicho hicho, zinapoteza wati 500 au zaidi. Halafu kuna upepo. Kama mianya inaruhusu hewa ya chumba kubadilika mara tatu kwa saa, jambo ambalo ni la kawaida kabisa katika nyumba zetu hizi, hewa hiyo peke yake inaondoka na zaidi ya wati 400. Mimi nilitumia milioni mbili kupigana na zile wati 60, nikaziacha 400 zipite mlangoni zikiniaga.

Tena kinachopanda juu ni hewa yenye joto, nayo haiangalii unene wa sufu, inatafuta tundu. Mke wangu ndiye aliyeligundua hilo. Usiku mmoja wa Julai alisema anasikia matone juu ya dari, nami nikambishia kwamba hakuna mvua. Asubuhi palikuwa na doa la rangi ya chai kando ya taa, upana wa sahani. Nilipanda darini nikakuta sufu yangu ya fedha nyingi imelowa kama tambara la deki, kwa sababu hewa ya ndani, yenye unyevu wa pumzi zetu, ilikuwa inapenya katika tundu la waya wa taa, inagusa bati lililopoa, inageuka maji na kudondoka. Sufu iliyolowa haizuii joto. Jioni hiyo niliwasha kijiti cha udi nikakishika karibu na taa, moshi ukanyooka kuelekea tunduni kana kwamba umeitwa kwa jina. Nilipokisogeza chini ya mlango, ukarudi ukanipiga usoni.

Kazi ya kuziba ilichukua siku mbili na shilingi 68,000: silikoni kwenye matundu ya waya na pembeni mwa fremu za madirisha, mpira wa kubandika kuzunguka mlango, kipande cha mbao chini yake, jipsamu ya kujazia nyufa ambapo dari inakutana na ukuta, na plasta kwenye tundu moja la hewa kati ya mawili yaliyokuwa juu ya dirisha. La pili nililiacha wazi kwa makusudi, kwa sababu watu wanalala humo na pumzi zao lazima zitoke. Mita ikashuka kutoka uniti 9 na nusu hadi 7, na baada ya usiku 77 hivi wa kuwasha hita zile 68,000 zilikuwa zimerudi. Lakini ukishaziba, jiko la mkaa lisiingie tena chumbani hata kwa dakika tano, hata kama limeshika vizuri na halitoi moshi. Sumu yake haina harufu, na familia zinazolala nalo katika baridi ya kwetu huku haziamki.

Kuhusu hita, usihangaike na maandishi ya boksi. Hita zote hizi za waya, za mafuta na za feni hugeuza uniti moja ya umeme kuwa uniti moja ya joto, na anayekuuzia ya “kuokoa umeme” kwa bei mara mbili ni binamu wa muuzaji wangu. Unachohitaji ni ile inayojizima yenyewe joto likifika kiwango ulichoweka. Yangu ya kwanza, kabla ya hii ya vipimo hivi, haikuwa na uwezo huo, na hita ya namna hiyo, hata ukiihami nyumba kwa magodoro, itakula umeme ule ule usiku kucha. Tofauti ni kwamba mtatoka jasho.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ziba kwanza, katika chumba kile tu unachopasha joto, kisha usome mita kwa wiki moja, jokofu likiwa limezimwa usiku ili lisikuchanganye. Fundi akikuambia hayo ni mambo madogo, mwambie awashe udi mbele yako.

Yapo mafurushi mawili ya sufu yaliyobaki stoo, juu ya mahindi, na mke wangu amesoma swali lako akaniambia nikuuzie kwa nusu bei. Sitakuuzia mpaka uniandikie hapa mita ilisoma ngapi saa 2 usiku na ngapi saa 12 asubuhi, kabla na baada ya kuziba.