Vidudu vyeusi kwenye maua ya hoho: ni thripsi au Orius?

SWALI: Nalima pilipili hoho Kisesa. Nikikung'uta maua napata vidudu vyeusi vidogo mno, vina mabaka meupe mgongoni. Jirani anasema ni thripsi, wadudu waharibifu, nipige dawa. Nimesikia kuna jenasi (kundi la spishi za ukoo wa karibu) ya kunguni wadogo iitwayo Orius inayokula thripsi. Nitaitambuaje?

JIBU: Weka bomba la dawa chini kwanza. Asubuhi, jua halijawa kali, kung'utia maua 20 juu ya karatasi nyeupe, kisha shika lenzi ya kukuza mara 10. Thripsi ni mwembamba kama kipande cha uzi, na kingo za mbawa zake zina nywele kama unyoya. Orius ni bapa, ana umbo la yai, urefu milimita 2 hadi 3, na mbio anazo. Mabaka unayoyaona yako kwenye mbawa za mbele, ambazo ni ngumu mwanzoni na laini, angavu, kwenye ncha.

Wengi hukosea hapa. Mwisho wa sehemu ngumu ya ubawa kuna kipande kama kabari, kimetengwa na mkunjo. Ukikiona usikate shauri bado. Kunguni wa mimea wa familia ya Miridae, ambao baadhi yao hufyonza pamba huku kwetu, nao wanacho. Angalia sehemu laini iliyo nyuma ya kabari. Kwa Miridae, mishipa imejifunga ikafanya chumba kimoja au viwili. Kwa Orius mishipa ni michache, hafifu, na haifungi chumba chochote. Mgeuze chali uhesabu pingili za mdomo: Orius zinaonekana 3, na mdomo unaishia karibu na mashina ya miguu ya mbele, Miridae wana 4. Utosini Orius ana vijicho viwili vya ziada, ambavyo karibu Miridae wote hawana. Hivyo vinataka lenzi ya mara 20.

Watoto wa Orius hawana mbawa. Ni wa njano hadi rangi ya chungwa, wana umbo la tone la maji na macho mekundu. Hao ndio huuawa sana kwa kudhaniwa thripsi wachanga, ambao ni wembamba na hawana unene huo wa nyuma.

Dalili hizi zinakufikisha kwenye familia ya Orius, Anthocoridae. Jenasi huthibitishwa kwa hadubini, hasa kwa dume: ncha ya tumbo lake imepinda upande mmoja, na kishikio chake cha kushoto (kiungo cha kujamiiana) kimejisokota. Kwa hiyo kusanya wakubwa 10 au zaidi ili madume wasikosekane. Waokote kwa brashi ndogo iliyoloa, watie kwenye kichupa cha spiriti ya asilimia 70. Lebo iandikwe kwa penseli, maana wino huyeyuka: tarehe, kijiji, zao. Usiwabandue kwenye mtego wa gundi. Vipapasio na miguu hubaki huko. Kichupa kipeleke TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Ukiriguru, Misungwi.

Ukisubiri majibu, rudia kuhesabu maua 20 kila baada ya siku 3, Orius na thripsi kila mmoja peke yake. Dawa za jamii ya pairethroidi huwamaliza Orius wanaotembea juu ya ua, huku thripsi waliojibana ndani wakisalimika.