Shangazi, binti yangu anataka kutuamsha na taji la mishumaa

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni Mzanzibari, huu mwaka wa tatu naishi Västerås, Uswidi. Binti yangu wa miaka 9 amerudi shuleni na habari za Lucia. Anataka tarehe 13 Desemba atuamshe yeye na mdogo wake wa miaka 5, wamevaa nguo nyeupe, wamebeba mikate ya zafarani. Baba yao anasema hayo ni mambo ya kanisa. Tena mwenzake darasani kamwambia Lucia lazima awe na nywele za njano, na tangu siku hiyo kanyongea. Mimi jambo lenyewe silijui. Nifanyeje?*
*Mama wa Wawili, Västerås*

Marahaba mwanangu.

Mimi mzaliwa wa Tanga, na Uswidi nimefika mwaka 2004. Desemba yangu ya kwanza nilikuwa nimepanga chumba ghorofa ya tatu, Göteborg. Asubuhi ya Lucia, giza totoro, nikasikia watoto wanaimba ngazini. Nikafungua mlango. Taa zote zimezimwa, na safu ya watoto inapanda taratibu, nguo nyeupe mpaka miguuni, kila mmoja na mshumaa wake. Mtu wa pwani akiona kitambaa cheupe namna ile gizani, mawazo yanakwenda kwenye sanda. Moyo ulinienda mbio. Kisha yule wa mbele, mwenye taji la mishumaa kichwani, ndiye Lucia mwenyewe, akaninyooshea kikapu, nikachukua mkate mmoja wa manjano. Kuunusa tu, zafarani! Harufu ya jikoni kwa bibi yangu siku ya Idi. Nililia pale pale mlangoni, maana ilikuwa mwezi mzima natoka nyumbani giza na kurudi giza.

Ndiyo maana nakwambia jambo hili uanze kulielewa kwa giza lake. Huko kwenu Västerås siku hizo jua linachomoza kama saa tatu kasorobo asubuhi, na kabla ya saa tisa alasiri limeshatua. Kiruna, kaskazini kabisa, halichomozi kabisa. Zamani, kabla Uswidi haijabadili kalenda mwaka 1753, usiku wa kuamkia tarehe 13 ndio uliohesabiwa kuwa mrefu kuliko yote. Wazee wa vijijini walisimulia kwamba usiku huo anatembea kiumbe wa kike aitwaye Lussi, na kwamba wanyama zizini wanasema kama watu. Watu walikesha wakila na kunywa mpaka kuche.

Sasa la baba watoto. Hajakosea, na usimbishie. Lucia alikuwa msichana Mkristo wa Siracusa, kisiwani Sicilia, na inasimuliwa kwamba aliuawa kwa ajili ya imani yake karibu mwaka 304. Ule utepe mwekundu kiunoni wanasema ni damu yake. Lakini Waswidi wengi ninaowajua wanaifanya asubuhi hii bila kukanyaga kanisani, na si sikukuu ya mapumziko. Watu wanakunywa kahawa yao wanakwenda kazini. Msichana wa nguo nyeupe mwenye kuleta chakula gizani anatajwa mara ya kwanza mwaka 1764, kwenye nyumba ya watu wakubwa huko Västergötland. Kuenea nchi nzima ni jambo la juzi juzi: mwaka 1927 gazeti moja la Stockholm liliandaa maandamano ya Lucia mjini, na miji mingine ikaiga.

Kwa hiyo kaeni mzungumze, mpange mnachokubali na mnachoacha. Mimi ni Mwislamu, na kwangu tuliacha nyimbo za kumtaja mtakatifu. Watoto wangu walikuja wakiimba kaswida waliyofundishwa madrasa, polepole, kwa sauti ya chini. Shuleni ni vingine, kwa sababu baadhi ya nyimbo zao ni za dini. Muombe mwalimu orodha mapema ili baba asome mwenyewe.

Kuhusu nywele za njano, mketishe binti yako na ramani. Mwonyeshe Sicilia ilipo, upande wa pili wa bahari kutoka Tunisia. Muulize kama msichana wa huko lazima awe na nywele za njano. Najua ramani peke yake haitatosha. Mwaka 2016 duka moja kubwa hapa lilitangaza Lucia kwa picha ya mtoto mweusi, watu wakamwandikia maneno machafu hata tangazo likaondolewa. Iliniuma sana, mtoto mdogo vile. Basi mwalimu umwambie alichosema yule mwenzake, usinyamaze ukidhani yatapita. Ziko shule zinazopiga kura ya bahati nani awe Lucia, na chekechea nyingi kila mtoto anavaa anachotaka, hata wakitokea Lucia kumi kwenye safu moja. Nyumbani kwako yupo mmoja, naye ni huyo.

Ila nywele zenyewe nina neno nazo. Kama amesukwa rasta, usithubutu kumvisha taji la moto. Rasta ni plastiki, cheche moja inayeyuka mpaka kichwani. Taji la mishumaa ya kweli ni la mtu mzima, na hata yeye huweka kitambaa kibichi chini yake. Watoto wanavaa la betri, linauzwa madukani tangu Novemba, na juu ya hijabu linakaa vizuri tu. Mdogo wake anaweza kuwa mvulana wa nyota, mmoja wa wanaomfuata Lucia kwenye safu: kofia ndefu ya pembe iliyokunjwa kwa karatasi nyeupe ngumu, nyota za dhahabu zimebandikwa, na fimbo yenye nyota nchani. Nguo usinunue. Wangu alivaa kanzu yake ya Idi, na majirani wakaniuliza nimeishonesha wapi.

Mikate inaitwa lussekatter. Utahitaji gramu 1 ya zafarani, yaani vile vipakiti viwili vya nusu gramu. Mara nyingi vinawekwa kaunta kwa mwenye duka kwa sababu ni ghali. Tafadhali usitie ile rangi ya biriani, utapata manjano bila harufu. Usiku wa kabla ya kuoka, itwange na kijiko cha sukari, uiloweke kwenye maziwa ya vuguvugu kidogo kama unavyofanya kwa biriani. Wenyeji wengine huloweka kwa pombe kali; maziwa yanatosha. Kesho yake yeyusha gramu 150 za siagi, tia nusu lita ya maziwa, yawe vuguvugu tu, uvunjie humo gramu 50 za hamira mbichi. Ongeza zafarani, sukari desilita 2, chumvi kidogo, na gramu 250 za kvarg, lile jibini laini kama mtindi mzito. Hilo ndilo linalozuia mkate usikauke, maana zafarani hukausha. Unga wa ngano ni kama kilo moja, lakini usiutie wote kwa pupa. Donge liwe laini, linate kidogo. Liache liumuke dakika 40.

Kisha sokota vipande vinene kama kidole, kila ncha uiviringe upande wake mpaka ipatikane herufi S, na katikati ya kila mviringo bonyeza zabibu moja. Viumuke tena nusu saa, pakaa yai, oka nyuzi 225 kwa dakika 8 hivi. Usisubiri viwe vya kahawia. Kesho yake vimekuwa vikavu, kwa hiyo vikishapoa weka kwenye friza siku hiyo hiyo na uvitoe usiku wa tarehe 12. Sinia ikamilike kwa pepparkakor, vile vibiskuti vyembamba vya tangawizi, mdalasini na karafuu. Karafuu, mwanangu, hata huku umeikuta.

Asubuhi yenyewe isiwe baada ya jua wala jioni. Nimeona wazazi wanaohamishia jioni kwa uchovu, taa ya sebuleni inawaka, watoto wanapita mbele ya televisheni. Hapo hakuna kitu. Zima kila taa, hata ya choo. Desemba kwa saa za hapa Alfajiri inaingia baada ya saa kumi na mbili, kwa hiyo nyumba ya Kiislamu imeshaamka bila taabu. Swalini kwanza. Kisha watoto waende jikoni peke yao, kahawa umeiacha kwenye chupa, mikate imepangwa. Binti atangulie, mdogo amfuate na fimbo yake.

Na baba yao, akishaswali, arudi kitandani ajifunike shuka mpaka kichwani. Akisikia vikombe vinagongana kwenye korido asicheke, asiseme neno, mpaka mlango ufunguliwe.