Kijana wako anatumia unga (heroini)? Kwanza asife

Wamama wa hapa Kigoma wakisikia mdogo wangu anakunywa methadoni, dawa ya hospitali ya kumtoa mtu kwenye unga, wananivuta pembeni wananiuliza sober gani nzuri, yaani nyumba ya kuachia unga, nimpeleke mwanangu. Nawaelewa, ukiona masufuria yanapotea ndani na kijana usiku kucha anajikunja kitandani unatamani mtu amchukue akurudishie akiwa mzima. Ila mi huwa najibu kitu kimoja, mama angu, kwanza hakikisha asife, mengine yatafuata, maana kuacha unga sio kitu cha mara moja, wengi wanaacha wanarudi wanaacha tena na kila akirudi inabidi awepo hai wa kuacha tena.

Na kinachowaua wengi ni hiki hapa. Kijana katoka sober au katoka jela, mwili umeshausahau unga, akikutana na masela anachoma kipimo kilekile cha zamani, mwili hauwezi tena. Hatari inazidi akichanganya na pombe au vidonge vya kutuliza kama valiamu. Unamkuta kalala anakoroma vibaya, pumzi zinakuja moja moja, midomo imeanza kuwa ya bluu, mboni za macho zimesinyaa kabisa. Usimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi, atapaliwa. Muite kwa nguvu, mtingishe, kama anapumua mlaze ubavu, kama hapumui mpulizie mdomoni huku mnatafuta usafiri, na mkifika hospitali semeni ukweli katumia unga, msiseme malaria kwa kuogopa aibu. Ipo dawa inaitwa naloksoni, inazuia nguvu ya unga ndani ya dakika chache mtu akaanza kupumua, ila nesi akijua mapema ndo inamsaidia. Na akiamka msikimbilie kumrudisha nyumbani, naloksoni inaisha nguvu mapema unga ukiwa bado mwilini, anaweza kuzama tena.

Kuhusu methadoni yenyewe. Serikali ilianza kuitoa Muhimbili 2011, ikaja Mwananyamala na Temeke, baadae Mbeya, Mwanza, Dodoma na kwingine. Nilimsindikiza mdogo wangu huko Dar nikaona inavyokwenda. Anafika dirishani anataja namba yake, nesi anapima dawa ya maji kwenye kikombe, anakunywa palepale nesi anamwangalia, afu anasemeshwa kidogo kuhakikisha kameza, bas anaenda kazini. Dozi ikikaa sawa hailewi, ila arosto, yale maumivu ya kukosa unga, inakaa mbali mpaka kesho yake. Kuna watu wananiambia huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Mi namwona anakula, ananenepa, haibi, hajidungi sindano ya mtu mwingine akaleta ukimwi na homa ya ini nyumbani, na kodi analipa mwenyewe. Mnataka nini zaidi?

Shida ni umbali. Baba yetu mkubwa alipofariki Ujiji ikabidi mdogo wangu aje, na kutoka Dar kwa treni ya zamani ni zaidi ya kilometa 1,200, wakati dozi ni ya kila siku. Alishuka stesheni kamasi zinamtoka, anapiga miayo mfululizo, miguu inamuuma hadi hakai chini. Akakaa msibani kajifunika shuka la bibi kwenye joto lile, na rafiki yake wa zamani akaja kumpa pole, akamnong'oneza kwamba kete ya unga ipo. Akanifuata jikoni, "Dada, nitafutie basi niondoke leo, nikilala hapa nitachoma." Tukamwondoa kabla ya kisomo. Ndugu wengine wamenuna mpaka leo ila mi sijutii hata kidogo. Mkiwa na mtu kama huyu, kabla ya safari aongee na kliniki yake wampangie, na akikosa dozi siku kadhaa asidai arudishiwe kipimo kilekile kwa siku moja, kliniki wataanza chini, avumilie tu.

Sasa watu wakisikia dawa za kulevya zinazosimamiwa na serikali wanashtuka, wakati methadoni ndo hiyohiyo, ni jamii moja na heroini, tofauti ni kwamba imepimwa, inajulikana miligramu ngapi na nani kaitoa. Kete ya kijiweni hata muuzaji hajui kaichanganya na nini. Uswisi toka 1994 kuna kliniki zinazowapa heroini safi ya hospitali wale ambao matibabu mengine yameshindikana, na 2008 wananchi wao walipiga kura asilimia 68 wakakubali iendelee. Kule British Columbia, Kanada, mambo yalikuwa mabaya mpaka 2016 wakatangaza dharura ya afya, fentanili, dawa ya jamii ya heroini ila kali zaidi, imeingia kwenye unga wa mtaani watu wanakufa bila kujua wanachotumia. Sisemi sisi tukurupuke kufanya kama Uswisi. Nasema tulichonacho tukipanue kabla hayo hayajafika hapa, na polisi wahangaike na wanaoingiza mzigo, sio kumkamata teja anayeenda kunywa dawa.

Ninachoomba mimi, hospitali ya rufaa ya kila mkoa iwe na dirisha la methadoni, naloksoni iwepo kwenye gari la wagonjwa na vituo vya afya, na msafiri akija msibani na barua ya kliniki yake anywe dozi pale alipo. Diwani wenu akiitisha mkutano wa mtaa mwambieni hivyohivyo, na nendeni wazazi wengi kwa pamoja, maana mama mmoja akisimama peke yake kuongelea unga watu wanamwangalia yeye badala ya kusikiliza hoja.