Jibu: Chrono Trigger kwenye 3DS bado inachezeka?

Habari mkuu. Umeuliza kama Chrono Trigger, gemu ya 1995, inafaa kwenye 3DS (mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo) ya mtumba uliyoiona, maana unahofia maandishi madogo na unacheza ukiwa kwenye daladala tu.

Inafaa, tena sana. Kabla ya yote kagua kaseti ya gemu, feki zimejaa sokoni. Mbele ya muuzaji anza gemu, toka hadi kwenye ramani kubwa, hifadhi, zima, washa tena. Kama ulipofikia pamepotea, mrudishie mali yake.

Kaseti yenyewe ni ya DS, mashine iliyoitangulia 3DS, na 3DS huisoma. Toleo hilo la 2008 limeshusha ramani na menyu kwenye skrini ya chini, kwa hiyo juu unabaki na picha safi. Ila 3DS huivuta picha ikawa na ukungu. Bonyeza Start na uishikilie unapofungua gemu: picha inapungua ukubwa, lakini herufi zinakaa kali. Mimi siwezi kucheza bila hilo.

Kuhusu daladala: kwenye ramani kubwa unahifadhi popote, ila mapangoni mpaka ufike kwenye alama ya kuhifadhi. Konda akiita kituo chako katikati ya pambano, funga kifuniko tu, mashine inalala. Kwenye mipangilio ya pambano weka pia Wait (subiri), ili maadui wasubiri unapochagua mbinu au dawa.

Lost Sanctum, nyongeza ya DS, iruke. Ni kupanda na kushuka mlima uleule kama tarishi.

Toleo la simu sijalicheza, silisemei.